Mama na Herufi ya V

Sisi Waembu tulijifunza kusoma kwa lugha ya majirani. Biblia, vitabu vya nyimbo, vyote vya misheni vilikuwa vya Kikuyu, na Kikuyu hutia h pale ambapo Kiembu hutia v. Kuomba, kwa Wakikuyu, ni kũhoya. Kwetu ni kũvoya. Basi mama yangu alikuwa na ndimi mbili. Jikoni na shambani v zilimtoka bila kuhesabu, lakini akipiga magoti tu, zote zinatoweka. Nilipomtania kwamba kumbe Mungu naye ni Mkikuyu, aliniinulia mwiko.

"Kiembu ni cha kuitia mbuzi," alisema. "Mungu anaombwa kwa maneno yaliyoandikwa."

Mimi nilikuwa nasomea ualimu na nilijiona bingwa wa lugha. Hadi leo najiona.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni, wengi wao Wakikuyu, dada yake mama alijifungua huko Nchiru, upande wa Meru, nasi tukapata pasi ya kutoka kwetu Kanja kwenda kumwona mtoto. Kwenye kizuizi cha barabarani tulisimamishwa na homgadi, askari wa vijijini wa upande wa serikali, Mmeru mwenye koti refu la jeshi. Aliisoma pasi akasema pasi huibwa. Siku hizo Wakikuyu waliokuwa Meru walikuwa wakikusanywa na kuondolewa, na lori lao lilikuwa pale pale, limejaa nusu.

"Wewe ni Mkristo?" akamuuliza mama.

"Ndiyo."

"Basi omba, tusikie."

Iliaminika kwamba aliyekula kiapo cha msituni hawezi kuomba. Mama akafumba macho akaomba vizuri mno, jinsi alivyofundishwa, kila h mahali pake. Sasa, homgadi wetu hata Kiswahili alikisema bila h. Zile za mama zilimchoma masikio.

"Apana! Uyu ni Mkikuyu kabisa. Pandisha yeye kwa lori."

Nilipandwa na hasira. Nilimweleza kwamba hicho ni Kikuyu cha kanisani, kwamba Waembu wote huomba hivyo, kwamba kabila la mtu halijulikani kwa kitabu chake cha sala.

"Wewe msichana unaongea mingi. Unataka kupanda pia?"

Mama alikwisha kusukumwa juu ya lori. Nikaushika mkono wake nikamwambia, "Mama, omba kwa Kiembu!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo kanisani.

"Sijui yanaanza vipi," akasema. "Hayajaandikwa popote."

"Anza tu."

Akaanza. Mimi nilitarajia sala ile ile, herufi tu zibadilike. Badala yake alimwomba Mungu ampe mwanawe blanketi. Kaka yangu alikuwa amefungwa katika kambi ya serikali tangu mwaka uliotangulia, kwa kushukiwa kula kiapo, na nyumbani hatukumtaja. Mama hakuwahi kumwombea mbele yetu, nami nilidhani amemkasirikia. Kumbe! Aliyaombea meno ya kaka, ambayo yalikuwa mabovu tangu utotoni. Aliuombea mguu wake unaouma wakati wa baridi. Aliomba huko aliko awepo mtu wa kumwita kwa jina alilopewa na babu yake. V zilitoka moja baada ya nyingine, na machozi nayo, na mimi bingwa wa lugha niliacha kuzihesabu.

Kimeru na Kiembu ni ndugu, kwa hiyo homgadi alielewa, na kumwombea mfungwa kulitosha kabisa kumpeleka mama kambini. Niliingiwa na hofu kubwa kuliko mwanzo. Yule mtu alitazama chini, akanirudishia pasi.

"Shuka, mama," akasema. "Wewe ni Mwembu."

Mama hakushuka. Hakuwa amemaliza.