Laptop yangu inanukia udi

Leo fundi kafungua laptop yangu pale Darajani, duka zima likanukia udi.

Akaniangalia mimi. Mimi nkaiangalia laptop.

Wiki iliyopita yeye mwenyewe alinambia diski imekufa, picha za harusi ya dada nizisahau. Leo nlimrudishia tu ajaribu mara ya mwisho.

Nkampigia mama. "Mama, laptop umeifanya nini?"

"Nimeifukiza kwenye chetezo pamoja na nguo zako. Ulivyoipeleka harusini kila mtu aliitizama. Jicho hilo, mwanangu."

Nkajua basi, kaimalizia.

Fundi kaiwasha. Picha zote zimo.

Nyie mnaojua kompyuta hebu nielezeni, maana fundi mwenyewe haelewi. Ananiuliza mama ananunua wapi udi.