Bamukwe alikaa kwenye matanga ya figo yake mwenyewe

Wakuu, salamu za kutoka Mushaki. Mimi ni mulimaji wa maharagi, uongo sijui kuupanga. Hii njo mambo ilinipata, na mbuzi wangu wenye walibakia ni mashahidi.

Bamukwe, baba ya bibi yangu, alipata kansa ya figo. Wakamupasua kule Goma, figo moja ikatoka, akaamuka anauliza bugali. Hapo Mungu apewe sifa.

Dokta akatuita. Akasema figo iko ndani ya bokali ya kioo, kwa dawa ya kuzuia isioze, tuipeleke labo. Kule watatafuta alama za molekuli ndani ya ule uvimbe. Ni alama ndogo sana, zinaonyesha kama ugonjwa ni wa mbio ao wa polepole, na muzee ana tumaini gani ya kuishi. Tusichelewe.

Bokali ikachukuliwa na Mama Furaha, dada mukubwa wa bamukwe, aipeleke labo. Mimi nikarudi kwa shamba.

Nikashitukia simu kutoka Kashebere, kwao na bibi yangu. "Mukwe, leta mbuzi, tuko na matanga."

Nikauliza nani amekufa.

"Figo."

Nikakata simu. Wakapiga tena.

Sasa wewe ni mukwe wa watu, utakataa matanga? Mukwe hana mudomo. Nikafunga mbuzi kwa pikipiki, nikapita ile matope yote nikinungunika.

Kufika, nakuta watu wamejaa, wamama wanalia. Bamukwe mwenyewe amekaa mbele, mahali pa mwenye musiba, anapokea mikono. Wanamuambia "pole kwa kuondokewa". Anajibu, "Asante, tulikuwa pamoja tangu kuzaliwa." Na anakula vizuri.

Katekista alikuwa na taabu. Akauliza, ataombea vipi kitu hakijabatizwa? Mama Furaha akamuambia, "Siku kaka yangu anabatizwa, figo ilikuwa inje?" Katekista akafungua kitabu, akaomba.

Bokali wakaizika nyuma ya nyumba na kifuniko yake, maana hakuna mwenye alitaka kuifungua.

Kabla watu hawajatawanyika, dokta akanipigia. Labo haijapokea bokali. Bila kile kipande hawezi kujua ugonjwa ni wa namna gani.

Wakuu, nilikasirika. Nikasema mbele ya wote: bila hiyo figo hatutajua kama kansa itarudi kumumaliza muzee. Wazee wakajibu kwamba mwenye ameliliwa hafukuliwi. Mumoja akasema anafukuliwa, lakini kwa mbuzi. Wote wakanigeukia.

Bamukwe akasimama polepole, ameshika ubavu. "Maiti ni yangu. Fukueni."

Mbuzi wa pili akaenda hivyo.

Safari hii bokali nilipeleka mwenyewe. Yule dada wa labo akapangusa udongo kwa kifuniko, akaniangalia. Akasema tu imekaa sana kwa dawa, watajaribu.

Walijaribu, na alama zikaonekana. Dokta akatuambia ni za ugonjwa wa polepole. Si ahadi, muzee atarudi kupimwa, lakini tumaini iko kubwa. Bamukwe alilia, na mimi nikalia naye.

Nikamupigia Mama Furaha. Kusema ukweli nilitaka pia kumusema kidogo. Nikamuambia, "Unaona Mama? Kipande kidogo ya muntu inaweza kuonyesha kama ataishi."

Akauliza, "Na Musa?"

Musa alikuwa mudogo wao. Alienda kuchimba madini kule Bisie, wakati ule wa mashimo ya kuchimbwa kwa mikono, udongo ukamufunika. Hawakumupata mupaka leo, na hawakumufanyia matanga, maana hakukuwa kitu cha kuzika.

"Yeye hakutuachia hata kipande," akasema. "Yeye watamusomea alama wapi?"

Pale njo nilijua Mama Furaha alikuwa analilia nani kule Kashebere.

Funzo langu: ukipewa bokali, ipeleke labo wewe mwenyewe, usimutume muntu. Hiyo niko na hakika nayo.

Lakini ile swali yake sijaijibu, nilisema tu nitapiga tena. Anangojea. Mwenye anajua nimuambie nini, aandike hapa chini.