Jino la Nyangumi na Rufaa ya Apakuki

Wakili hakuwa naye, na hakumtaka. Tangu kesi ianze Apakuki alijitetea mwenyewe, kwa kuwa vidole vilivyovunjwa vilikuwa vyake. Alipokuwa akitumikia kifungo cha ugomvi wa baa ya Nausori, askari magereza Tukana alimbana mkono kwa mlango wa chuma. Gereza likaandika kwamba mfungwa alijiumiza makusudi ili akwepe kazi ya shamba. Hilo ndilo lililomchoma. Aitwe mgomvi, sawa, lakini mvivu? Kijiji kizima kilimcheka, naye alitaka jaji mmoja tu atamke kwamba ule ulikuwa uongo.

Mahakama ya kwanza iliamini ripoti ya gereza kuliko yeye. Akajiandaa kukata rufaa. Mara wazee wa ukoo wa Tukana wakaja nyumbani kwake na jino la nyangumi, wakaketi chini, wakaomba radhi. Apakuki akalipokea. Sasa, kwa mila yao ukishalipokea jino umesamehe, humkimbizi mtu mahakamani kesho yake. Ni aibu kwako na kwa wazazi wako. Akaacha siku zipite, kistaarabu kabisa, na muda wa rufaa ukapita nazo. Mwishowe akaikata hivyo hivyo, imechelewa.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mesake alimwambia asubuhi ya rufaa, wakipanda ngazi za mahakama ya Suva. Mesake ni mtoto wa mjomba wake, na kule visiwani kwao huyo ni mtani, hakasirikiwi. "Wewe binamu, vidole vimekwisha, sasa zamu ya tumbo!"

"Nyamaza, kichwa cha muhogo! Leo nawaeleza habari ya jino. Nani anaomba radhi kwa asichokifanya?"

Akaeleza, na akaeleza vizuri. Jaji, mama mzaliwa wa visiwa hivyo hivyo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Apakuki, jino nalijua. Lakini waliokuja ni wazee. Tukana mwenyewe hakuapa popote kwamba alikuumiza. Na rufaa umeileta muda umeshapita."

"Mheshimiwa, ningewahi ningeonekana sina adabu!"

"Naelewa. Rufaa imetupwa."

Anaelewa! Kama anaelewa, mbona anatupa? Apakuki alitoka huku hasira zimempanda hadi utosini.

Ukumbini Tukana akamjia na mikono wazi, uso mkunjufu, bila kinyongo.

"Ndugu yangu, tusinuniane. Mkono niliubana mimi, siku ile nilikuwa na hasira zangu. Wazee wakaomba, ukasamehe. Yamekwisha."

Apakuki akamshika bega. "Twende ndani ukayaseme hayo hayo. Sasa hivi, jaji hajaondoka."

"Ndani?" Tukana alishangaa kwelikweli. "Nifukuzwe kazi? Ndugu yangu, kwani hukunisamehe?"

Apakuki akaliachia bega lake. Alikuwa amemsamehe.