Wimbo Alioupenda Marehemu

Mimi nina mdomo, sikatai, kwa hiyo niseme tu: muziki wa kaka yangu mwanzoni niliuchukia. Alikuwa fundi wa kuchomelea pale Nyegezi, karibu na stendi, anatengeneza mageti na grili za madirisha. Mafundi wenzake wote walikuwa wanafungulia singeli. Yeye alifungulia magitaa ya wazungu, mtu ananguruma kama amebanwa na mlango. Wateja walimuuliza, "Fundi, wewe umeokoka kweli?" Alicheka tu na kuendelea kupiga msasa.

Cherehani yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mchana nilikuwa nampelekea chakula. Siku moja nikamwambia azime makelele yake nipate kula kwa amani.

"Umeingia katikati," akasema. "Ukimkuta mtu anapiga kelele njiani, si uulize kwanza alianzaje?"

Akairudisha albamu mwanzo kabisa. Akaniambia nikae, nisiseme, na nisiruke hata wimbo mmoja.

Haya, nikakaa. Kwanza ni gitaa moja, taratibu, halina haraka na mtu. Halafu kinanda cha chinichini kama cha kanisani, halafu watu wanaimba bila maneno, midomo imefungwa. Ni hivyo kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusinzia na sahani mapajani. Baadaye ngoma inaanza kusikika mbali, na kitu fulani kinakaza kidogokidogo, hujui kilianza kukaza saa ngapi. Kisha kimya. Kimya kifupi tu, cha mtu kuvuta pumzi. Halafu yanakuja yote kwa pamoja. Mimi niliruka nikamwaga maharage yote chini, na kaka akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema. "Hukufundishwa shuleni?"

Basi akaniteka. Simu yake ilijaa albamu za namna hiyo, zinazoanza na upole na kuishia kwenye ghadhabu, na sheria ilikuwa ile ile: usiruke. Nyimbo zinazoanza kwa kupayuka alizidharau. "Huyo hana hasira," alikuwa anasema, "huyo ana makelele. Mwenye hasira ya kweli kwanza anakusalimia." Tulisikiliza hivyo miaka, yeye na cheche zake, mimi na sketi za wanachuo nikizipinda mikononi.

Halafu tumbo lake likaanza kujaa. Alikonda mikono na miguu, tumbo likabaki mbele peke yake, kisha akaanza kutapika damu. Hospitali wakasema ini limeharibiwa na kichocho cha zamani. Sisi tumekulia Busisi. Ziwani ndiko tulikooga, tulikofua na tulikochota maji. Karibu watoto wote tulikojoa damu, kila mmoja kwa wakati wake, tukadhani ndiyo kukua. Aliposhindwa kushika mashine ya kuchomelea, alifunga karakana akarudi Busisi kwa mama.

Mama yetu alikuwa mjane, na miaka yake yote alikuwa amekaanga sato pale kivukoni, kwa ajili ya abiria waliokuwa wanasubiri kivuko. Watoto wake amewalea kwa moshi ule. Lilipokuja daraja, kivuko kikakosa watu. Daraja ni zuri, na mimi nalipita, lakini magari hayasimami. Mama akahamishia jiko lake nyumbani, akawa anawauzia majirani. Na macho yake, kwa moshi wa miaka yote ile, yalikuwa mekundu.

Hapo sitaki kueleza sana. Watu wa Usukuma wanajua, na wasio wa huku wameshasikia. Bibi mjane mwenye macho mekundu si jambo la utani kwetu. Sasa mweke nyumba moja na kijana mwenye tumbo lililovimba, anayetapika damu. Maneno ya uchawi yalianza kabla kaka hajakata roho, na mimi nilikuwa nayasikia kila nilipokwenda kuwaona. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya mama kuliko nilivyoogopa kwa ajili ya mgonjwa. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kaka akafa. Na mama hakulia.

Kwetu mama wa marehemu lazima asikike. Wanawake wanaokuja msibani wanaanza kulia tangu barabarani, na wakifika mlangoni mfiwa anawapokea kwa kilio chake. Wao walifika na vilio vyao, mama akawaambia, "Karibuni, poleni na safari." Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho makavu na mekundu vile vile. Siku ya kwanza wakasema ni mshtuko. Siku ya pili wakaanza kutazamana. Nilikuwa jikoni nachambua mchele na wenzangu, shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akasema bila kumtazama mtu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Wote walizidi kuinamia mchele.

Nikamfuata mama, nikamnong'oneza sikioni, "Mama, lia. Hata kwa uongo, lia wakusikie."

Akanitazama kama nimemuomba kitu alichokwisha kukigawa. "Sina," akasema.

Mungu wangu. Nikarudi jikoni, mimi huyu mwenye mdomo.

Tulimzika mchana wa siku ya tatu. Tuliporudi kutoka makaburini watu walikaa chini ya turubai, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akashika kipaza sauti. Akashukuru, akatangaza chakula, kisha akasema sasa tutasikiliza wimbo alioupenda marehemu. Huko kwetu siku hizi hakuna msiba bila spika, wala hakuna spika bila wimbo huo. Kila mtu anajua ni kwaya inayotakiwa, hata kama marehemu hakuwahi kukanyaga kanisani. Simu ya kaka nilikuwa nayo mimi. Fundi wa muziki akaja, akaiunganisha na spika zake, akanirudishia nichague.

Kwaya ilikuwemo. Kaka aliiweka kwa ajili ya mama. Nikaipita, nikabonyeza ile albamu.

Nilikuwa na hasira, ndiyo sababu. Nilitaka spika zile ziwapigie kelele za kaka yangu, wao waliokaa wanakula wali wake huku wanampima mama yake kwa machozi. Na nilifikiri pia, labda mama atashtuka, na akishtuka atalia, na akilia wataachana naye.

Gitaa likaanza, taratibu. Kikaja kinanda. Katekista akafumba macho. Shangazi akatikisa kichwa akasema, "Amina." Baba mdogo akamuashiria fundi aongeze sauti. "Jamani, wimbo mzuri," akasema mama mmoja nyuma yangu, "ni kwaya ya wapi hii?" Loo! Nilibana kanga yangu kwa meno nisicheke. Sauti zile zisizo na maneno zilipoingia, wanawake wa Busisi wakazidaka kama wanavyodaka wimbo wowote wa msiba, wakaanza kuguna pamoja nazo, hawa wakishika juu, wale wakishika chini. Ukweli usemwe, ilipendeza. Kaka angeisikia angefurahi sana.

Ngoma ikaanza kusogea. Wachache wakainua vichwa. Wengine walikuwa bado wanaimba.

Nikamtazama mama. Alikuwa amekunja miguu na kugeukia ukuta wa chumba alichokuwa analala kaka. Tangu msiba uanze hakuwa amejigeuza hivyo. Kikaja kile kimya, katekista akadhani wimbo umekwisha, akafungua mdomo asali. Na mama akapiga ukelele.

Alitangulia yeye. Nakuapia, alitangulia kwa pumzi moja, magitaa yakaja juu yake na yule mtu anayenguruma akaja juu yake, na sikuweza tena kujua yupi ni yupi. Viti vya plastiki vikaanguka, watoto wakakimbilia barabarani, fundi akavuta nyaya zote akabaki nazo mkononi. Spika zikazima, mama akaendelea. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Na mimi nilikuwa namshukuru Mungu moyoni, nikisema, amelia, wamemsikia, yamekwisha.

Lakini hakuna aliyekuja kumshika. Mfiwa akilia hivyo wanawake humkimbilia, wanamshika mikono, wanamvika kanga. Nilimshika peke yangu. Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mmeona wenyewe. Alijua mashetani yanaingia saa ngapi."

Kesho yake asubuhi baba mdogo alikuja na wazee wawili. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba mwanetu, kwa upole wote. Wakamsalimia mama vizuri. Wakazungumza habari za mvua, za mihogo, wakamshukuru Mungu kwamba tumemzika mtoto wetu salama. Mzee mmoja alikuwa anachorachora chini kwa fimbo yake. Kisha baba mdogo akasema, "Shemeji, tumefikiri ungekwenda kupumzika mjini kidogo, kwa binti yako. Watu huku wamechoka na misiba."

Hakuna aliyepandisha sauti. Hakuna aliyekunja uso. Na mimi nilikuwa nimeisikiliza albamu ile mara nyingi mno, nisingeshindwa kulitambua gitaa lile la mwanzo. Wiki nyingine yoyote ningewajibu mpaka wajute kuamka. Siku ile niliwajibu, "Ahsante baba, tumeelewa," nikaingia ndani nikafunga sufuria za mama kwenye shuka.

Tuliondoka kabla chai haijapoa. Tulipokuwa juu ya daraja mama alitazama chini, kule kivukoni alikokuwa anakaangia, mpaka tukafika upande wa Kigongo. Mimi nilikuwa natazama nyuma. Zamani tungesubiri kivuko pale chini, na mwenye nia yake angetukuta tumekaa. Daraja lile silisemi vibaya tena.

Arobaini ya kaka hatukwenda. Baadaye nikasikia mabati ya nyumba yameezuliwa, milango pia, na mageti aliyoyachomelea kaka yamepelekwa kwa baba mdogo. Kaburi hatujui linafagiwa na nani. Mama haulizi. Anakaa na mimi hapa Nyegezi, pembeni ya cherehani, ananifumulia mishono ya nguo za kurekebisha. Wanachuo wanamwita bibi, wanamwamkia, na macho yake wanadhani ni ugonjwa.

Kuna alasiri moja hapakuwa na wateja. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akasema, bila kuinua kichwa, "Iweke."

"Ipi, mama?"

"Ya kaka yako."

Nikaiweka kwenye kile kispika kidogo cha karakanani kwa kaka. Gitaa likaanza. Mikono yake iliendelea na maharage. Nilikuwa nimebeba swali langu tangu Busisi, nikalitua hapo.

"Mama, siku ile ulijuaje?"

"Niliisikia kila jioni," akasema. "Ukuta wenyewe wa tope ule, tena umepasuka. Alikuwa anajikaza. Mwanzo wote huu, yuko kimya, anatega masikio kama niko karibu. Yakija makelele ndipo anaachia, analia na tumbo lake. Alidhani sisikii."

Sauti zisizo na maneno zilikuwa zimeshaingia. Mama akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Na mimi nilikuwa nalia hapo hapo, upande wa pili, ili naye asinisikie. Tukimaliza, ananiita, 'Mama, umeshakula?' Nami namjibu nimeshakula. Ndivyo tulivyoishi. Sasa wewe ulitaka nilie mbele ya watu, saa yoyote tu. Ningeanzia wapi?"

Ngoma ilikuwa inasogea, na kile kitu kinachokaza kilikuwa kinakaza. Mama akaweka ungo chini. Akakunja miguu, akageukia ukuta wa duka, ambao upande wake wa pili kuna mama anayeuza chakula na wateja wake wa mchana.

Kikaja kimya.

"Ongeza sauti," mama akaniambia. "Majirani wasisikie."