Fundi Asiyechungulia Picha za Watu

Fundi wa simu wa mtaani kwetu huzibembeleza mashine kama mama anayemlisha mtoto mgonjwa. Kila waya huupuliza mara mbili kabla ya kuuchomeka. Nilimpelekea simu ya mke wangu, yenye picha zote za kuzaliwa kwa pacha wetu, nayo ilikuwa inazima ovyo kila baada ya dakika chache. Akaiunganisha na kompyuta yake kuukuu inayotumia mfumo wa Linux. Kompyuta haikuonyesha kitu. "Inachaji tu, haijafungua mlango," alisema, akagusa kwenye simu palipoandikwa "Hamisha faili." Folda ikajitokeza. Akazinakili picha zote kwa mkupuo, akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka, akaihimiza simu: "Haya mwanangu, kaza mwendo! Usinitie aibu mbele ya mgeni!" Picha mia mbili. Mia nne. Picha ya mwisho iliingia, na papo hapo simu ikazima. Akapiga kigelegele hadi fundi cherehani wa jirani akaja mbio.

Nilimwomba afungue moja tuhakikishe. Akanigeuzia kompyuta, yeye akageukia ukuta. "Fungua mwenyewe, Baba Pacha. Za watu sichungulii."

Nikafungua, pacha wetu wakatokea, nikainamia skrini kuwatazama. Mguu wa fundi wa simu, bado kaelekea ukutani, ulikuwa unachezacheza sakafuni.

"Sema basi, jamani! Wamefanana?"