Kasuku wa Mjukuu na Mahindi Mekundu

Mjukuu wangu ni muuguzi Kitale. Nalisema hilo kwanza ili mtu asidhani nilihangaikia ndege bure. Msichana nimemlea mwenyewe hapa Kabuchai, leo anadunga watu sindano, na kitu cha pekee alichowahi kuniomba ni kumtunzia kasuku wake mdogo akienda kozi. Akamleta kutoka Kibomet, mtaa anaoishi huko Kitale, ndege wa kijani wa kujaa kiganja tu, na kopo la chakula chake.

"Kukhu," akaniambia, maana ndivyo sisi tunavyoita nyanya, "huyu ndiye hunipokea nikitoka kazini."

Nikamwahidi atampata mzima. Mzee wangu akacheka. "Ndege gani huyo hata paka hashibi?"

Asubuhi moja nachambua maharagwe, namwona ndege anainamisha kichwa upande kama mtu anayesinzia kanisani. Nikadhani anacheza. Mara akaachilia kijiti, akaanguka chini ya tundu, mabawa yanapiga, miguu imekakamaa, macho wazi lakini hanioni. Nikapiga mayowe. Mayowe huku kwetu huleta watu.

Wa kwanza jirani, na kisu. "Mchinje kabla hajafa, mama! Akijifia utakula nini?"

"Nitakula wewe!"

Wa pili akaja na kijiko, ati amtie mdomoni asijiume ulimi. Kijiko chenyewe kikubwa kuliko kichwa cha ndege. Wa tatu akaanza kukemea pepo kwa sauti ya mkutano wa injili, na ndege akazidi kutapatapa.

Nikampigia mjukuu simu.

"Kukhu, wanyamazishe wote. Usimtie kitu mdomoni, hata maji. Toa vijiti na bakuli la maji, weka kitambaa laini chini, ufunike tundu pawe giza. Akitulia mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Na akianguka tena, mpige video."

Nikawafukuza wote, nikafanya alivyosema. Ndege alipotulia nikambeba hadi Bungoma. Mbele ya daktari, huyo shetani akafanya nini? Akaimba! Akajikuna, akampigia daktari mluzi. Daktari akanitazama kama mgonjwa ni mimi.

"Mama, inaweza kuwa kifafa, inaweza kuwa sumu. Bila kuona siwezi kusema. Anakula nini?"

Nikamwonyesha kopo. Akasema chakula ni kizuri. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Kesho yake akaanguka tena. Safari hii nilifunga mdomo, nikashika simu. Video ya kwanza ni kidole changu. Ya pili ni pua yangu. Ya tatu ndiyo ikamshika ndege, nikaituma kwa daktari. Daktari akanipigia hapo hapo.

"Mama, hizo chenga nyekundu chini ya tundu ni za nini?"

Nikachungulia. Mahindi yaliyopondwa, mekundu. Kila mkulima hapa anayajua: ni mbegu ya kupanda, imepakwa dawa ya wadudu. Nikamgeukia mzee. Akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara.

"Si niliosha!" akasema. "Ni ile ilibaki tulipopanda. Nampondea kidogo tu kwa jiwe. Anakula mkononi mwangu, bana."

"Mkononi? Wewe wa hata paka hashibi?"

Daktari akataka ndege aletwe mara moja, akakaa naye, akaniambia wazi kwamba haahidi kitu. Wakati huo wote mjukuu anapiga simu, na mimi naiacha ilie.

Lakini alipona. Daktari alisema tuendelee kumwangalia, maana huenda ikamrudia, ila mpaka leo hajaanguka. Mjukuu alipokuja alimkuta mzima, anapiga mluzi. Babu yake alikuwa amekaa kando ya tundu, ananikemea jikoni mwangu mwenyewe.

"Punguza kelele za sufuria, anapumzika!"

Nikamsukumia sufuria zote. Si yeye ndiye anajua kuosha.