Dereva aliyesubiri wageni wanyamaze

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, manyunyu ya Tukuyu hayajaamua kama yanataka kuwa mvua. Jotham Mwangomo amechuchumaa kando ya Land Cruiser nyeupe karibu na stendi, anasugua matope mlangoni kwa kitambaa. Huku anasugua, anaongea na kioo cha pembeni.

"Excuse me," anakiambia kioo. Anangoja kidogo. "Sorry to interrupt. May I add something?"

Anaomba radhi kwa kukatiza maongezi, anaomba aongeze neno. Kioo hakijibu. Mama anayeuza maandazi jirani yake ameshamzoea, na kila asubuhi humtania: "Leo wamekuruhusu?"

Jotham hucheka, lakini si cheko la kutoka moyoni. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na moja kati ya hiyo ameitumia kuendesha wageni: watalii wanaokwenda Ziwa Ngozi, watafiti wa misitu, wanunuzi wa chai na parachichi. Gari si lake. Siku akipata wageni hulipwa shilingi elfu ishirini na tano, na mwezi mzuri una siku kama hizo kumi.

Kiingereza amekiokota humo humo garini. Anakielewa karibu chote. Tatizo lake lilikuwa kukisema, na zaidi ya hapo, kukisema watu wengine wakiwa bado wanaongea.

"Bosi wangu Ackson siku ya kwanza tu aliniambia, wageni wakiongea, wewe angalia barabara," anasema. "Na kwetu nyumbani nimelelewa hivyo hivyo. Watu wakiwa na maongezi unakaa pembeni, wakimaliza watakuuliza, bwana, una neno? Ndipo unasema."

Malezi mazuri hayo. Ndiyo yaliyomponza.

Machi mwaka juzi aliwapeleka Suma wanunuzi wawili wa parachichi kutoka nje ya nchi, mwanamke na mwanamume, pamoja na mkalimani kijana aliyetoka nao Dar es Salaam. Walikwenda kukikagua kikundi cha akina mama ishirini na wawili waliopanda miche ya kisasa kwa miaka minne wakingoja siku hiyo. Bei waliyoahidiwa ilikuwa mara tatu ya ile wanayopewa na madalali barabarani.

Katibu wa kikundi alikuwa Winfrida, mama wa watoto watatu, jirani wa dada yake Jotham. Ndiye aliyeshika daftari la mavuno, mti kwa mti, kilo kwa kilo. Siku hiyo alisimama penye mizani na daftari lake kifuani, amevaa gauni la kanisani.

Mtendaji wa kijiji aliamka na homa. Wenyeji wakahangaika kidogo, kisha wakamwomba mwenyekiti wa kitongoji awaongoze wageni shambani badala yake. Mwenyekiti huyo ni mzee Geresoni, na mzee Geresoni ni baba mkwe wa Winfrida.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anapisha na kujificha. Ni heshima, wala hakuna ugomvi. Winfrida aliolewa katika nyumba inayoshika jambo hilo sawasawa.

Basi wageni walipokaribia, yule mwanamke wa Kizungu akiwa tayari amenyoosha mkono kuomba daftari, Winfrida aliinua macho, akamwona mzee Geresoni nyuma yao. Aliliweka daftari juu ya mizani, akageuka, akapotelea migombani mbio.

Hakuna mwenyeji aliyeona ajabu. Akina mama waliendelea kupanga matunda. Mzee mwenyewe alitazama pembeni kama inavyotakiwa. Mkalimani hakujua mila hiyo, na wageni hawakumuuliza.

Waliulizana wenyewe, garini.

"Walianza hata hatujafika barabara kubwa," anasimulia Jotham. Kitambaa kimesimama mkononi. "Mama anasema, umemwona yule, tumeomba kumbukumbu amekimbia. Baba anasema, basi daftari limepikwa. Nikasema moyoni, hapana jamani, siyo hivyo! Ni mkwewe yule! Nikangoja wanyamaze niwaambie."

Hawakunyamaza. Njia ya matope kutoka Suma hadi Tukuyu iliwachukua dakika arobaini, na kwa dakika zote arobaini Jotham alikuwa na sentensi moja mdomoni.

"Wale hawamalizi. Huyu akivuta pumzi, mwenzake ameshaanza. Nilikohoa mara mbili. Yule baba akanipa pipi ya kifua."

Walipofika hotelini maongezi yalikuwa yamekwisha, na uamuzi pia. Jotham alifungua mlango, akashusha mabegi. Mwanamke yule alimshika mkono akamshukuru, akamwambia ni dereva mtulivu sana, hajawahi kupata dereva mtulivu namna ile.

"Sijawahi kusifiwa nikaumia vile," anasema.

Wiki tatu baadaye kikundi kilipata barua ya mistari minne: hakijakidhi vigezo. Vigezo gani, haikusema. Akina mama walikaa wakatafuta kosa kwenye matunda. Labda ni madogo. Labda ni udongo. Wengine walisema mbegu waliyouziwa ilikuwa feki. Kufikia mwaka jana, kumi na watatu kati yao walikuwa wamekata miparachichi na kurudisha viazi.

Jotham alipita na gari akaiona miti imelazwa kando ya njia, mingine na maua yake.

Ndipo alipokwenda Mpuguso kwa mwalimu Happyness, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi, akamwambia hataki sarufi wala herufi. Anataka kujua jinsi ya kuingia katikati ya maongezi bila kuwa mshenzi. Ada walikubaliana mkungu mmoja wa ndizi kila baada ya wiki mbili.

"Kazi kubwa haikuwa maneno," anasema mwalimu Happyness. "Maneno aliyajua kwa siku mbili. Kazi ilikuwa kumshawishi kwamba kwa watu wale kukatiza si matusi, mradi uombe radhi kwanza. Nilimwambia, kaka, usingoje kimya. Ngoja pumzi. Inua mkono kidogo, sema sorry, halafu endelea, usirudi nyuma."

Julai iliyopita aliwapeleka watalii Ngozi. Nyuma walikuwa wakipanga kupita njia ya mkato iliyomeguka kwa mvua. Jotham aliinua mkono kutoka kwenye usukani, jasho likimtoka, akaomba radhi, akasema neno lake. Watalii waligeuka wote wakamsikiliza, wakamshukuru, wakabadilisha njia.

"Nikasema, kumbe," anakumbuka. "Kumbe ni hivyo tu. Dakika moja haikufika." Anakamua kitambaa kwa nguvu kuliko kinavyohitaji. "Nilifika nyumbani sikula."

Namuuliza kama Winfrida anajua sababu ya barua ile.

"Hajui," anasema. "Mtu ataanzaje?"

Siku hiyo hakuwa na wageni. Mchana aliniambia, "Twende," tukapanda bodaboda hadi Suma.

Tulimkuta Winfrida akipalilia maharage kati ya visiki vya miparachichi yake. Amebakiza miti mitatu, anasema ni ya watoto kula. Jotham alimweleza kwa Kinyakyusa, amesimama, kofia mkononi. Mimi nilishika jina la Geresoni tu, na neno daftari. Winfrida alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alijibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka nami nisikie.

"Kwa hiyo haikuwa parachichi."

"Haikuwa parachichi, dada."

Alivitazama visiki. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Wale wageni walikuwa hawapumui, sawa, nimekuelewa. Mimi je, kaka Jotham? Umepita hapa miaka miwili, unanisalimia, unauliza watoto. Mimi nilikuwa naongea na nani hata ukose nafasi?"



"Jumatatu saa tisa tuna kikao," alisema Winfrida, akiinua jembe. "Waliobaki na miti ni tisa, na leo asubuhi wawili wamesema wanataka kukata. Uje uwaambie wenyewe kwa mdomo wako."

Jotham alisema Jumatatu ana wageni, safari imeshalipiwa. Winfrida aliendelea kupalilia.

Jotham alitoa simu, akampigia mwenye gari. Sauti ya Ackson ilisikika hadi nilipokuwa, imechangamka, ikimweleza wageni wa Jumatatu ni wangapi, wanatoka wapi, wanataka kuondoka saa ngapi, gari lijazwe mafuta wapi. Aliongea bila kituo.

"Samahani, bosi," Jotham alisema katikati ya maneno yake. "Nakukatiza. Jumatatu mtafute dereva mwingine."